Saa Iliyong'aa Usiku

Katika mtaa wa Majengo, mjini Goma, nyumba nyingi ni za mbao, nazo zimejengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Mawe hayo yalitoka tumboni mwa milima ya moto iliyo karibu, yakapoa, yakawa magumu. Pikipiki ikipita, vumbi lake huingia kila mahali: machoni, chakulani, na hata ndani ya saa. Kwa hiyo fundi wa saa hakosi kazi huko.

Fundi mmoja alikuwa na meza yake kando ya njia. Meza yenyewe haikupita dawati la shule kwa ukubwa. Juu yake palikuwa na koleo ndogo ndogo, brashi laini, kichupa cha mafuta kilicho sawa na kidole gumba, na bilauri aliyoifunika juu ya kazi yake ili vumbi lisiingie. Jichoni alibana lenzi, na kila mtoto aliyepita alisimama kumtazama.

Siku moja msichana wa mwaka wa tano alimletea saa ya mkono iliyofungwa katika kitambaa.

"Jambo, baba," akasema. "Hii ni saa ya babu yangu. Tumeikuta katika sanduku lake. Haitembei tena. Mama anaomba uitengeneze. Na namba zake zimechakaa. Anaomba uzikwangue, uzipake rangi mpya."

"Jambo, mwanangu. Lete niione."

Fundi akaishika, akazungusha kichwa kidogo kilicho pembeni. Kikazunguka, kikazunguka, wala hakikukaza. Akauelekeza uso wa saa kwenye mwanga, akazitazama namba kwa muda mrefu. Rangi yake ilikuwa ya manjano iliyogeuka kahawia, nene kidogo, tena imepasukapasuka kama matope yaliyokauka.

"Babu yako aliinunua lini?"

"Mama anasema ilikuwa zamani za Wabelgiji, babu alipokuwa karani. Anasema usiku ilikuwa iking'aa kama macho ya paka. Sasa haing'ai tena."

"Basi nisikilize. Kuitengeneza nitaitengeneza. Lakini namba hizi sizikwangui, wala mtu wa nyumbani kwenu asizikwangue."

Msichana akashangaa. Ili kumwelewa fundi, yafaa kwanza kujua saa ya namna hiyo hufanya kazi jinsi gani.

Saa ya babu haikuwa na betri. Nguvu yake ilitoka katika vidole vya mwenyewe. Ndani yake mna utepe mwembamba wa chuma ulioviringwa kama mkeka. Mafundi huuita kamani. Mtu akitia saa ufunguo, yaani akikizungusha kile kichwa cha pembeni, kamani hukazwa. Ikiisha kukazwa hutaka kujikunjua, na katika kujikunjua husukuma magurudumu yenye meno, nayo magurudumu huzungusha mishale. Lakini kama kamani ingeachwa huru, ingejikunjua yote mara moja, na mishale ingezunguka kama pia. Kwa hiyo kuna mlinzi wa mlango. Mlinzi huyo ni kipande cha chuma chenye umbo la nanga, na kando yake gurudumu dogo liendalo mbele na kurudi nyuma bila kupumzika. Kila mara gurudumu hilo linapogeuka, nanga huachia jino moja tu lipite. Hiyo ndiyo sauti ya tik, tik uisikiayo ukiweka saa sikioni. Gurudumu hilo nalo hurudishwa na kamani ya pili, nyembamba kama unywele. Mtaalamu wa Uholanzi, Christiaan Huygens, ndiye aliyeitangaza kamani hiyo mwaka 1675. Kabla yake saa ndogo zilikuwa na makosa makubwa sana, na mwenye saa alilazimika kuzirekebisha kila siku.

Saa nyingi za wakati wa babu zilipiga tik mara 5 kwa sekunde moja. Chukua kalamu uhesabu: ni mara 18,000 kwa saa moja, mara 432,000 kwa siku, na kwa mwaka mzima zaidi ya mara milioni 157. Moyo wa mtu mzima hupiga mara chache kuliko hivyo; kwa mwaka haufikishi hata nusu ya hesabu hiyo.

Juu ya uso wa saa ya babu palikuwa na maneno madogo ya Kifaransa: "17 rubis", "antichoc", "étanche". Leo ni wachache wayasomao. Zamani yalikuwa maneno ya fahari, na wauzaji waliyasifu sana, maana kila neno lilitaja adui fulani wa saa aliyekwisha pata mpinzani.

Rubis ni yakuti, jiwe jekundu la thamani. Mtu anaweza kudhani saa imefichwa utajiri ndani. Kweli mawe 17 yamo, lakini ni madogo kama chembe za mchanga, na fedha yake ni haba. Kazi yake ni kushika ncha za magurudumu. Chuma kikisuguana na chuma mara milioni nyingi, huliwa; chuma kikizunguka katika tundu la jiwe gumu, pamoja na tone la mafuta, hudumu miaka mingi. Ufundi huo wa kutoboa mawe kwa ajili ya saa ulianza London mwaka 1704. Hapo kwanza mawe yalichimbwa ardhini, nayo yalikuwa ghali. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza jinsi ya kutengeneza yakuti kwa moto mkali, na tangu hapo mawe ya saa yakawa kitu cha kiwandani.

Antichoc maana yake hushindana na kishindo. Ncha za lile gurudumu liendalo na kurudi ni nyembamba mno. Zamani saa ikianguka sakafuni zilikatika. Mwaka 1934 mafundi wa Uswisi walileta kifaa kiitwacho Incabloc. Katika kifaa hicho jiwe linaloshika ncha halikukazwa, bali hushikiliwa na kamani ndogo. Saa ikipigwa, jiwe husogea kidogo, kisha hurudi mahali pake, na ncha hubaki nzima. Aliyewahi kuona chukudu ikishuka njia ya mawe ya Goma, imebeba magunia ya viazi, na mwendeshaji wake amepiga goti juu yake, atajua mara moja faida ya kifaa hicho mkononi mwa mtu yule.

Étanche maana yake haipitishi maji. Saa ya namna hiyo iliyopata sifa kubwa ni Rolex Oyster ya mwaka 1926. Kifuniko cha nyuma na kichwa cha pembeni vilikazwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, mwanamke Mwingereza aitwaye Mercedes Gleitze aliingia katika bahari ya baridi iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, saa hiyo ikining'inia shingoni mwake. Alikuwa amekwisha vuka bahari hiyo wiki mbili kabla, lakini watu walimtilia shaka, naye akarudi majini ili waone. Alikaa humo zaidi ya saa kumi. Baridi ilimshinda, akatolewa kabla hajafika ng'ambo. Saa ilikuwa ingali ikienda. Habari hiyo ikachapwa katika gazeti kubwa la London kuwa tangazo la biashara. Kwa watu wa Majengo, hata hivyo, faida ya kasha kama hilo si bahari bali vumbi, kwa kuwa lizuialo maji huzuia na vumbi.

Kulikuwako na mambo mengine mapya ambayo saa ya babu haikuwa nayo. John Harwood, fundi Mwingereza, aliona kwamba vumbi huingia hasa kwa tundu la kile kichwa cha kutilia ufunguo. Akabuni saa ya mkono inayojitia ufunguo yenyewe: ndani yake kuna kipande cha chuma kizito kinachoyumba kila mara mwenye saa anapoinua mkono, nacho hukaza kamani. Alipata hati yake Uswisi mwaka 1924. Mwaka 1945 ikatoka saa ya mkono ionyeshayo tarehe katika kidirisha, na tarehe ikajibadilisha yenyewe kila usiku wa manane. Ila saa hiyo hudhani kila mwezi una siku 31, na baada ya kila mwezi mfupi kuliko huo mwenyewe hana budi kuisahihisha.

Adui aliyebaki ni giza. Saa inaweza kwenda vizuri sana, lakini usiku pasipo taa haimfai mtu. Waliolijua sana jambo hili ni askari wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Kabla ya vita hivyo wanaume wengi waliweka saa mfukoni, wakaiona saa ya mkono kuwa pambo la wanawake. Lakini askari aliyelala handakini, bunduki mikononi, hakuweza kupekua mfuko. Wala hakuthubutu kuwasha kiberiti, maana adui angeona mwanga akapiga. Alihitaji saa iliyofungwa mkononi, tena inayong'aa yenyewe.

Kitu cha kung'aza kilikwisha patikana. Mwaka 1898, mjini Paris, Marie Curie na mumewe Pierre walivumbua radiumu. Hiyo ni metali itoayo miali isiyoonekana kwa macho, mchana na usiku, bila kuchochewa na kitu. Miali hiyo ikigusa unga wa zinki uliotayarishwa kwa namna ya pekee, unga hutoa nuru ya kijani. Basi watu walichanganya radiumu kidogo sana na unga huo, wakatia gundi, wakapata rangi ya kupakia namba na mishale. Haikutaka jua, wala moto, wala betri. Wanunuzi waliistaajabia.

Radiumu hukaa ndani ya mawe ya uraniumu, tena kidogo mno: palipo na tani 3 za uraniumu, radiumu ni gramu 1 hivi. Mwaka 1915 mawe yenye uraniumu nyingi kupita kawaida yalionekana Shinkolobwe, katika Katanga, karibu na mji uitwao leo Likasi. Tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen, katika Ubelgiji, kilitoa radiumu katika mawe hayo. Kwa miaka kama kumi karibu soko lote la dunia lilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, mpaka Kanada nayo ikaanza kuchimba. Gramu moja iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Huko Shinkolobwe Wakongo walichimba mawe na kuyachagua kwa mikono, kisha yakaenda kwa reli na kwa meli. Hivyo saa nyingi zilizouzwa dukani kama vitu vya Ulaya zilikuwa na chembe ya Kongo usoni pake, na waliochimba hawakutajwa popote.

Rangi hiyo ilipakwa kwa mkono, namba moja moja. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey huko Marekani, kazi hiyo ilifanywa na wasichana, wengine wenye umri wa miaka 15 au 16 tu. Ili brashi iwe na ncha kali, walifundishwa kuitia midomoni, kisha katika rangi, kisha kwenye namba. Waliambiwa kwamba haina madhara. Jioni walirudi nyumbani nywele na nguo zao ziking'aa gizani, nao wakacheka. Wengine walijipaka rangi kwenye kucha na meno kwa mchezo. Wakati huo huo wataalamu wa kiwanda walijikinga na radiumu kwa vizuizi vya risasi.

Baada ya miaka michache meno ya wasichana yakaanza kung'oka. Taya zikaoza, mifupa ikavunjika bila kupigwa. Sababu ni kwamba mwili hudhani radiumu ni chokaa ya kujengea mifupa, ukaiweka humo. Na ikiisha kukaa mfupani haitoki, hupiga miali yake daima. Wengi walikufa wangali vijana. Mwaka 1927 wanawake watano wakaenda mahakamani, mbele yao akiwa Grace Fryer, aliyekuwa amehangaika miaka miwili kutafuta wakili atakayekubali. Mwaka 1928 kampuni ilikubali kuwalipa fedha na gharama za matibabu. Afya yao haikurudi, lakini kesi yao ilisaidia kuleta sheria za kuwalinda wafanyakazi wa viwandani.

Hapo msichana wa Majengo akamkatiza fundi.

"Lakini, baba, saa hii haing'ai tena. Si dawa imekwisha?"

"Hapana, mwanangu. Umewahi kuona ngoma iliyopasuka ngozi?"

"Ndiyo."

"Mpigaji akiipiga, utasikia mlio?"

"Sitausikia."

"Na mpigaji amekufa?"

"Hapana. Ngoma ndiyo mbovu."

"Ndivyo ilivyo hapa. Zinki ni ngoma, radiumu ni mpigaji. Ngoma imechoka. Mpigaji yungali anapiga."

Alisema kweli. Unga wa zinki ulio katika rangi hiyo huchoka kwa kupigwa na miali. Baada ya miaka kadhaa nuru hupungua, halafu hutoweka. Lakini radiumu hupungua nusu tu kwa muda wa miaka 1,600. Saa iliyopakwa mwaka 1950 itakuwa na nusu ya radiumu yake katika mwaka 3550. Maadamu kioo ni kizima na kasha limefungwa, hatari si kubwa. Hatari ni mtu kuifungua na kuikwangua. Rangi kavu hugeuka unga, unga huruka na vumbi, mtu akauvuta puani au akaula pamoja na mkate wake. Mafundi wengi duniani wamefanya hivyo bila kujua, kwa sababu namba chafu huharibu uzuri wa saa.

Miaka ya 1960 viwanda viliiacha radiumu, vikatumia tritiumu, ambayo miali yake ni dhaifu na hupungua nusu kwa miaka 12 hivi. Saa nyingi za namna hiyo zina herufi ndogo T chini ya namba 6. Mwaka 1993 ilitoka Japani rangi nyingine isiyo na sumu ya miali: hunywa mwanga mchana, kisha huutoa usiku. Uso wa saa ya babu haukuwa na T.

Fundi akaifungua saa kwa nyuma, akaacha uso na kioo vilivyokuwa. Alikuta kamani kubwa imekatika, kama alivyodhani. Akatafuta nyingine katika vikopo vyake. Alipokuwa akifanya kazi msichana akauliza kwa nini watu waliacha saa za ufunguo.

Fundi akamwonyesha saa ya bei ndogo iliyokuwa wazi mezani. Ndani mlikuwa na betri bapa kama kifungo cha shati, na kijibomba cha chuma kisichozidi punje ya mchele. Katika kijibomba hicho mna jiwe liitwalo kwatsi. Umeme wa betri ukilipitia, hutetemeka mara 32,768 kila sekunde. Hesabu hii haikuchaguliwa ovyo. Igawe kwa mbili, upate 16,384. Igawe tena, upate 8,192. Endelea hivyo mara 15, utafika kwenye 1 kamili. Ndivyo saa ifanyavyo, na hiyo 1 ndiyo sekunde. Saa ya mkono ya kwanza ya kwatsi iliuzwa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, jina lake Seiko Astron. Bei yake, yen 450,000, ilitosha kununua gari dogo. Lakini saa nzuri ya ufunguo huweza kukosea sekunde kadhaa kwa siku, na hii ilikosea sekunde 5 tu kwa mwezi. Bei ilipoanguka, saa za ufunguo zikaanguka pia. Uswisi, ambako watu kama 90,000 walitengeneza saa mwaka 1970, ilibakiwa na theluthi moja hivi ya watu hao katikati ya miaka ya 1980. Siku hizi wengi husoma saa katika simu, mpaka umeme ukatike na simu izimike.

Fundi alifunga kifuniko, akapangusa meza yote kwa kitambaa chenye maji, akanawa mikono. Kisha akatia saa ufunguo, akaiweka sikioni mwa msichana.

"Inatembea!"

"Inatembea. Mwambie mama isikae chumba cha kulala, bali mahali penye hewa. Ndugu zako wadogo wasiichezee. Kioo kikivunjika usiifute wala usiipulize. Ifunge katika mfuko wa plastiki, uniletee."

Nyumbani mama aliiweka juu ya rafu ya ubao, karibu na dirisha la sebule. Usiku, taa ilipokwisha zimwa, msichana alikuja kuitazama. Hakuona namba hata moja. Akasogeza sikio: tik, tik, tik, tik, tik, kwa kila sekunde moja.